Kiraka cha Grini ya Mwisho

Mistari hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekata grini ya mwisho, ule uga wa nyasi fupi wenye shimo la mpira, ulio mbele ya baraza la klabu ya gofu, na michirizi aliyoiacha kwenye nyasi ilinyooka kama uzi wa mwashi. Kisha akamwombea kazi wifi yake, mdogo wa mumewe. Akamfundisha kushika mashine, kugeuza bila kuchuna nyasi, na kuzima injini mara wachezaji wanapofika. Mwanafunzi akajua upesi mno. Mwezi huu msimamizi alimpa wifi grini ile. Mistari akapewa reki ya kusawazisha mchanga wa mitego iliyo kando ya grini.

"Mashindano ni Jumapili," msimamizi alisema. "Kabla ya hapo nitaamua nani abaki pale."

Tangu siku hiyo, kila sifa ya wifi ilimkwama Mistari kooni kama mwiba wa samaki.

"Mdogo wangu ana mkono mwepesi," mumewe alisema mezani.

Kesho yake mboga ilizidi chumvi. Mistari alisema ni bahati mbaya.

Ijumaa asubuhi, stoo, aliona kibano cha paipu ya petroli kwenye mashine ya wifi kimelegea. Bisibisi ilikuwa karibu na mkono wake. Akachukua reki, akaenda zake.

Wifi alikuwa amebakiza mistari miwili wachezaji walipotokea. Akazima injini, akaiacha mashine ukingoni mwa grini, akaipa mgongo na kusimama kimya kama alivyofundishwa. Mchezaji akiinamia mpira, mfanyakazi hata kikohozi hukimeza. Mwenyekiti wa klabu akaanza kupima umbali, taratibu, kama mtu anayechagua mchumba.

Kutoka kwenye mchanga, Mistari aliona kitu kikimeta chini ya mashine. Tone, kisha tone jingine. Petroli huunguza nyasi mpaka mizizi. Kanuni ilimtaka anyamaze, na hakuwahi kuipenda kanuni kama alivyoipenda wakati ule. Lakini nyasi zile alizilea yeye. Alizinywesha wakati wa ukame na kuzing'olea magugu kwa ncha ya kisu.

"Wifi, ondoa mashine hapo. Kibano cha paipu kimelegea."

Mwenyekiti akashtuka akiwa anapiga. Mpira ukapita mbali na shimo.

"Leo umepata kisingizio, mwenyekiti," mwenzake akamtania.

Wifi aliivuta mashine nje ya grini, akainama, akakigusa kibano. Kisha akainua macho.

"Wifi, toka huko kwenye mchanga umekionaje kibano?"

Msimamizi, aliyekuwa ametoka barazani haraka ili kuwaomba radhi wachezaji, alilisikia swali hilo. Akasubiri jibu pamoja na wifi. Mistari akayatazama meno ya reki.

"Basi," msimamizi akasema. "Grini imepata mwenyewe. Wewe ziba palipoungua, halafu urudi kwenye mchanga."

Mchana ule Mistari alikata kiraka cha nyasi kitaluni, akakipandikiza na kukishindilia kwa kisigino mpaka mshono ukapotea. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mashine mkononi, kibano kimekazwa.

"Umemaliza, wifi? Nataka kupita."

"Pita."

Akapita juu ya kiraka, akafika mwisho, akageuza. Mistari akachuchumaa, akafumba jicho moja na kuukagua ule mstari toka mwanzo hadi mwisho, akiutafutia kombo. Hakuona kombo. Akaanza kukagua tena.