Themanini na Tisa

Muuguzi wa kliniki ya uzito alikuwa binti mwenye subira nyingi, na subira hiyo ndiyo iliyomchosha Bi Gramu kuliko foleni. Binti huyo alikuwa amejaza kadi yote kwa mwandiko wa kupendeza: umri miaka hamsini na mbili, kazi mwokaji mikate, magoti mabovu yote mawili, uzito kilo tisini na saba. Ulibaki mstari mmoja wa chini, ule wa uzito anaotaka kuufikia.

"Huu siujazi mimi," muuguzi alisema. "Unaujaza wewe mwenyewe, mama. Lengo la kupewa na mtu halikai."

"Wengine huwa wanaandika ngapi?"

"Sabini. Sitini na tano. Kuna mmoja aliandika uzito aliokuwa nao siku ya harusi yake."

"Akafika?"

"Bado anakuja."

Bi Gramu akachukua kalamu, akaandika themanini na tisa. Muuguzi akaisoma, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Themanini na tisa? Kwa nini isiwe tisini basi? Au themanini kamili?"

"Ndiyo inayonitosha, mwanangu."

Angeweza kueleza. Ila sababu yake ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa amesimama tangu alfajiri.

Sababu yenyewe ilikuwa imelala kitandani, ghorofa ya tatu, na ilikuwa na kilo hamsini na nane. Mama yake Bi Gramu alikuwa na moyo uliochoka. Moyo wa namna hiyo ukizembea kidogo, maji hujaa mwilini kimyakimya, na daktari alikuwa amelirudia jambo moja mara tatu: mgonjwa apimwe kila wiki, na akiongezeka kilo mbili ghafla asisubiriwe, maana hayo si mafuta, ni maji, na maji hayo yanaua. Mdogo wake Bi Gramu wa kiume, anayeishi mbali na kupenda vifaa, akaleta mizani ya kioo inayoandika namba kwa taa. Kwa miezi kadhaa mambo yakaenda vizuri. Mama alipanda mwenyewe huku ameshika ukuta, mizani ikasema hamsini na nane, wakashukuru Mungu, wakanywa chai.

Kisha mama akaanguka bafuni, nyonga ikakataa, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Kumshusha ngazi hamsini na nne kila wiki ili akapimwe kliniki halikuwa jambo la kufikiria. Hata wenye magoti mazima walikuwa wakipumzika katikati. Daktari akasema kwenye simu kwamba dawa yake ni rahisi. Binti ambebe mama yake, apande naye kwenye mizani. Kisha apande peke yake, atoe. Hesabu ya darasa la pili.

Bi Gramu akambeba mama yake, akapanda. Mizani ikafikiri kidogo, ikaandika herufi E. Akashuka, akapanda tena. E. Akamrudisha mama kitandani, akaigeuza mizani, akasoma maandishi madogo ya mgongoni. Mwisho wake ulikuwa kilo mia na hamsini.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Inasema tumezidi, mama. Mimi tisini na saba, wewe hamsini na nane. Tumezidi kilo tano."

"Kwa hiyo tumeishinda."

"Imetushinda sisi."

Wakajaribu njia nyingine. Jirani wa mlango wa pili, mshonaji ambaye jengo zima lilimwita Fundi, alikuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe, na ndiye aliyemwangalia mama mchana Bi Gramu akiwa kazini. Akajitolea. Alimnyanyua mama kiasi cha shibiri mbili, mgongo wake ukalia, wote wawili wakaangukia godoro. Mama akamwambia kwa adabu zote kwamba amemshukuru sana na asimbebe tena mpaka kiama. Mdogo mtu akapigiwa simu.

"Lakini dada, si upungue tu?" akasema. "Kilo tano kitu gani? Acha mkate wa jioni."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bi Gramu akamjibu sawa, kwa kuwa hewala haigombi, akakata simu.

Hapo ndipo ilipotoka ile themanini na tisa. Kilo tano zingetosha kuifanya mizani iseme. Ila ingesema nini, kama siku maji yatakapokuja yataisukuma tena kwenye E? Ilibidi abakize nafasi ya maji. Mia na hamsini, toa kilo tatu za maji, mbili za daktari na moja ya tahadhari, toa hamsini na nane za mama, inabaki themanini na tisa. Wengine hulenga gauni. Yeye alikuwa anaiachia nafasi hatari ya mama yake, ili ikija ionekane.

Sasa, kujipunguza wakati kazi yako ni mkate ni adhabu ya aina yake. Bi Gramu alisimama mbele ya meza ndefu ya mbao kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, akaukata unga uliokandwa na kuutupa kwenye trei, donge baada ya donge, gramu mia tano kila moja. Mizani ilikuwepo mezani, lakini ilikuwa imekaa pale kama pambo. Mkono wake haukosei zaidi ya gramu tano, na jina lake lilitokana na hapo. Wageni kazini walikuwa wakibisha, wakichukua donge lake na kulipima, na wakishalipima walikuwa hawabishi tena.

Nyuma yake harufu ya mkate mpya ilikuwa ikitoka tanurini bila huruma. Mzee wa tanuri, rafiki yake wa miaka ishirini, alimwekea vipande vya pembeni vilivyoungua kidogo, vile alivyovipenda.

"Hata kimoja?"

"Niko kwenye hesabu, mzee wangu."

"Vumilia. Haba na haba hujaza kibaba."

"Mimi nataka kipungue, wewe unanijazia."

Wakacheka, yeye kidogo kuliko mzee. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauutoi, kwa sababu asubuhi unaukuta umekaa palepale ulipouacha. Alitembea kwa miguu kwenda kazini ili atoke jasho, akarudi kwa miguu, akazipanda zile ngazi hamsini na nne akiwa ameshika ukuta, akimkwepa paka wa ngazini ambaye siku hizi alikuwa ananenepa tu, mtu hajui kwa lipi. Juu kulikuwa na mama wa kuogeshwa, kugeuzwa, kubadilishiwa shuka. Kisha kipande cha tango na yai moja. Alilichukia lile tango kwa moyo wake wote.

Mwezi wa kwanza akafika tisini na tano. Wa pili, tisini na nne. Kisha mwili ukagoma. Wiki tatu nzima akapanda na kushuka kwenye kile kioo, tisini na nne, tisini na nne, mpaka akaacha kujipima peke yake. Jumapili asubuhi alimbeba mama, wakaonyeshwa E yao, akamrudisha kitandani, yakaisha. Sketi ilimbana vilevile. Kitu kimoja tu kilimpa moyo: kumbeba mama kulikuwa kumekuwa rahisi. Akajiambia mikono imekomaa. Lilikuwa jambo zuri kuamini, akaliamini.

Mama naye alikuwa ameanza kubakiza chakula.

"Maliza, mama."

"Fundi alinishibisha mchana. Yule mtoto anapakua kama anaweka kiraka."

Basi ikafika Jumapili moja, jua limeshaingia dirishani. Bi Gramu akaiweka mizani sakafuni, akamzungushia mama mikono, akapanda bila tumaini lolote. Mizani ikafikiri. Ikaandika mia na arobaini na sita, nukta nane.

Akadhani ameona vibaya. Akasubiri. Namba ikakaa.

"Mama," akasema. "Imesema."

"Imesema?"

"Mia na arobaini na sita na nukta nane." Akatoa palepale hamsini na nane za mama, kichwani, kama mtu anayevunja njugu. Themanini na nane, nukta nane. "Nimefika, mama. Nimeipita."

Mama akamfinya shavu kama alivyokuwa akimfinya utotoni. Bi Gramu akajikuta anatokwa machozi ya kijinga, ya mtu aliyechoka ambaye ameambiwa akae. Miezi mitatu. Yale matango yote. Akamlaza mama taratibu, akamfunika, akarudi kwenye mizani kumalizia hesabu, kwa furaha ya mtu anayekwenda kuhakikisha jambo analolijua.

Tisini na tano, nukta sita.

Akashuka, akapanda. Tisini na tano, nukta sita. Alikuwa ameongezeka.

Alisimama pale juu ya kioo muda mrefu. Hesabu ya darasa la pili haitaki mtu aisaidie, inajifanya yenyewe. Hamsini na moja, nukta mbili, ndizo zilizobaki kwa mama. Ukutani palikuwa na alama za viganja vya mama vya wakati ule alipokuwa akipanda mwenyewe, na Bi Gramu alizitazama hizo ili asitazame kitanda.

"Mama, Fundi anakupa nini mchana?"

"Ananipa vizuri."

Bi Gramu akavaa kandambili, akaenda kugonga mlango wa pili. Fundi akafungua akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja.

"Mchana? Mbona mama huwa hali, dada. Ananiambia ameshiba uji wako wa asubuhi mpaka shingoni. Anasema chakula nisikirudishe, nimpe paka wa ngazini." Akauona uso wa Bi Gramu. "Nilidhani unajua."

Aliporudi, mama alikuwa ameshageuzia uso ukutani, kama mtoto aliyesikia hatua za mzazi.

"Kilo saba, mama," Bi Gramu alisema. "Karibu saba. Kwa nini?"

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, "Ulisema tumezidi kilo tano. Tumezidi sote wawili. Nikakuona unakwenda kazini kwa miguu na magoti yale, unarudi unakula majani. Nikasema kilo zote hizo mwanangu atazitoa peke yake, na mimi nimelala tu? Na mimi nichangie."

"Mama, mizani yenyewe ilikuwa ya kukupima wewe."

"Najua. Nilitaka iseme."

Bi Gramu alitaka kupiga kelele. Alitaka kucheka pia, na aliogopa kwamba akianza hatanyamaza. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikauzunguka wote, vikakutana na kidole gumba upande wa pili. Mikono hii ilikuwa inajua gramu tano za unga. Ilikuwa imembeba mama huyu kila siku, bafuni na kurudi, na ilikuwa imejua. Ilikuwa imemwambia siku nyingi, na yeye ndiye aliyeinyamazisha, kwa sababu alikuwa anangoja kuambiwa na kioo. Hilo lilimuuma kuliko kilo zenyewe.

Akampigia daktari. Daktari akauliza kama miguu imevimba. Bi Gramu akaibonyeza kwa kidole gumba. Haikubaki na shimo. Haikuwa na nyama ya kubaki na shimo. Daktari akasema maji hayajaja, lakini mgonjwa wa moyo hafungishwi njaa, aletwe kesho asubuhi hata kwa kubebwa juu ya kiti, na leo ale. Akapigiwa mzee wa tanuri, naye hakuuliza maswali mawili. Alisema atakuja na wakandaji wawili wenye mabega, na kwamba mwanamke mmoja hawezi kuwashinda watu wanaobeba magunia ya unga.

Bi Gramu akaingia jikoni. Akaipita kadi ya kliniki, iliyobandikwa mlangoni mwa kabati, na ile themanini na tisa yake pale chini. Hakuifuta. Magoti yalikuwa bado mabovu, na lengo lilikuwa bado lake; atarudi kwenye foleni, na muuguzi mwenye subira atamvumilia. Akakoroga uji, akatia maziwa mengi, akatia siagi, akapakua mabakuli mawili. Lake halikuwa na siagi.

Akamkalisha mama kwa mito, akajaza kijiko. Mama akakitazama, akaitazama mizani iliyokuwa bado sakafuni, taa yake imeshazimika.

"Bakuli zima?"

"Zima."

"Nikilimaliza, na kesho jingine, na keshokutwa, ile itatukataa tena."

"Itukatae," Bi Gramu alisema.

Mama akafungua mdomo.