Mafundo Saba

Chirau aliunyoosha ukambaa wa ukindu juu ya meza ya karani, akahesabu mafundo kwa kidole, moja moja. Hakujua kuandika. Kila fundo lilikuwa palahala mmoja, wale swala weusi wenye pembe ndefu. Majuma mawili alikuwa akiwafuata katika umande wa Milima ya Shimba, na koti lake la askari wa wanyama lilikuwa bado bichi mabegani.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Mwaka jana walikuwa ishirini na wanne. Wamezaa."

Karani Alfani hakuandika. Aliinuka, akafunga mlango.

"Mzee Chirau, utatumaliza. Ruzuku hii ya serikali ni ya wanyama wanaokwisha. Wakizidi, fedha zinahamishwa kwa faru wa bara. Mshahara wako umo humo, na wangu pia."

"Lakini nimewaona kwa macho yangu."

"Najua, mzee wangu. Fungua mafundo saba."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na unga ulikuwa umepanda bei mara mbili tangu Ramadhani. Kunde za mkewe, Biasha, zilikuwa zimeliwa na palahala haohao anaowalinda. Ruzuku ya kunde haikuwako.

Aliyafungua. Ukindu ulikuwa umekaza, ikabidi atumie meno. Mwanzo aliona haya kama mtu anayeiba msikitini, kisha hata haya ikamwisha, akabaki hana lolote ndani. Alfani aliandika ishirini na wanne, akamchovya dole gumba katika wino.

Saa nne aliingia Bwana Nyama, ndivyo watu walivyomwita Mzungu mkuu wa afisi ile. Aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Miaka tatu sasa," alisema. "Pesa iko, askari iko, nyama hapana ongezeka. Wewe nalala tu huko msituni?"

Chirau alimtazama Alfani. Alfani alikuwa akitafuta kitu katika mtoto wa meza.

"Bwana, wako thelathini na mmoja."

"Hii dole ya nani?"

"Yangu, Bwana."

"Basi."

Ruzuku ingeendelea, lakini ingemlipa askari mwingine. Chirau avue koti na mkanda, aviache. Alivivua. Alfani alivipokea, akalikunja koti vizuri mno, wala hakuinua macho.

Alitembea saa mbili hadi kwake, na fulana tu kifuani. Biasha alikuwa akichambua mchicha. Alimwona, asiulize koti liko wapi.

"Wamesemaje huko?"

"Wamesema palahala hawaongezeki, kwa hivyo mimi ni mvivu."

"Nawe ukanyamaza?"

Chirau aliketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Nilisema kweli mara mbili," alijibu. "Uongo niliusema mara moja tu, nao ndio ulioandikwa."