Mgonjwa Mwepesi

Muuguzi wa mapokezi alimpima dereva wa lori: kilo themanini na mbili. Akampima mwalimu mstaafu ambaye kadi yake mpya ya matibabu ilikuwa haijatoka: sifuri. Akaandika, kisha akamwambia mwalimu ashike benchi vizuri asipeperuke, maana feni ilikuwa imewashwa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mageuzi. Asiye na kadi hakuwa na uzito, na dawa hutolewa kwa kilo za mgonjwa. Kilo sifuri, dawa sifuri. Hakuna aliyefukuzwa, jamani! Kila mtu alipimwa, tena kwa adabu.

Saa nne aliingia shangazi wa muuguzi, yule aliyemlea, akikohoa hadi machozi yanamtoka. Alikuwa amejaza mawe mifukoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nipime upesi, kifua kinaniua."

Mizani ikasoma sifuri. Mawe nayo yalikuwa hayajasajiliwa.

"Kadi je?"

"Miezi mitatu naambiwa njoo kesho."

Muuguzi aliumia moyo, tusidanganyane. Zamani foleni hii ilikuwa na desturi: akifika aliyezidiwa, watu walimnyanyua wakampitisha mikononi mwao hadi mlangoni kwa daktari, bila kuulizana. Akasimama. "Jamani, huyu amezidiwa. Tumpitishe."

Hakuwahi kubebwa mgonjwa mwepesi hivyo. Kidole kimoja kingetosha. Watu wakatazama kadi zao.

"Sista, utaratibu ndio utaratibu," alisema dereva. Mwaka juzi alipovunjika mguu, shangazi huyuhuyu alikuwa miongoni mwa waliombeba.

"Niache tu, mwanangu," shangazi alisema. "Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Akaanza kupaa. Muuguzi alimfunga bendeji kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye kiti chake, akamwita anayefuata. Kila shangazi alipokohoa huko darini, kiti kilitikisika kidogo.

Saa saba kiti kilitulia. Shangazi akashuka polepole hadi juu ya mizani, na mizani ikasoma arobaini na sita. Maiti haidaiwi kadi.

Dereva alikuwa wa kwanza kuinuka. Akashika mabega, mwalimu akaelea kushika miguu, na foleni nzima ikampitisha marehemu mikononi hadi chumba cha maiti, bila kuulizana.

"Mzito, maskini," dereva alisema, akarudi kwenye nafasi yake.

Muuguzi akafungua ncha ya bendeji kwenye kiti, akaikunja. Kisha akampima anayefuata.