Sikio la Ng'ombe wa Biskuti

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Dodoma, enzi za Mdachi, hapakuwa na mtu aliyeringia jiko kama Elieza wa Mvumi. Alikuwa mpishi wa bwana mmoja msimamizi wa karakana ya reli, na jiko lenyewe lilikuwa banda la mawe nyuma ya nyumba, lenye tanuri la chuma. Tanuri hilo lilikuja kwa meli, likaja kwa behewa, kisha wanaume wakalibeba mabegani huku Elieza akiwatangulia na kuwafokea kana kwamba wamembeba mama yake mzazi. Tangu siku hiyo hakuruhusu mtu kuingia. Mwanahawa, dobi wa nyumba ile, akitaka makaa ya pasi alisimama mlangoni na kunyoosha sufuria. Hata Lydia, mke wake wa ndoa, aliyekuwa akileta kuni kila asubuhi, aliutua mzigo nje na kurudi zake.

Basi Krismasi ikakaribia na Bibi, mke wa bwana, akataka biskuti. Si biskuti za kila siku, bali zile za kwao, za unga, siagi na sukari, ambazo donge lake hulazwa mahali pa baridi, likasukumwa kwa chupa, kisha likakatwa maumbo kwa kalibu ya bati. Bibi alikuwa na kalibu ya nyota na ya moyo alizokuja nazo. Lakini yeye alikulia penye ng'ombe huko Ulaya, akatamani na ng'ombe pia. Abbasi, fundi bati wa karakana, akakata ukanda wa debe la mafuta ya taa, akaupinda mpaka ukawa ng'ombe mzima: pembe, nundu, mkia, na sikio moja kubwa lililochomoza nyuma ya kichwa. Bibi alicheka alipoiona nundu, maana ng'ombe wa kwao hawana, lakini akasema aachwe hivyohivyo.

Kukata na kuoka Elieza hakuwa na mpinzani. Biskuti zake zilitoka rangi moja, kingo safi, hakuna iliyoungua wala iliyovimba. Taabu ilianza kwenye urembo. Bibi alitwanga sukari ikawa laini, akaichekecha kwa kitambaa, akaipiga na ute wa yai na ndimu mpaka ikawa nyeupe na nzito, akaitia kwenye karatasi iliyokunjwa kwa ncha nyembamba. Akamkabidhi Elieza. Elieza akabinya kwa nguvu zile anazokandia mkate, na nyota ya kwanza ikawa kama imepitiwa na kuku. Ya pili ikawa mbaya zaidi.

Bibi akazisogeza kando nyota zote mbili. Macho yake yakaenda mlangoni, alikokuwa Lydia anatua kuni, yakatulia kwenye shanga alizovaa shingoni, safu juu ya safu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, hakuna hata moja iliyokosea mahali pake.

"Hii kazi nani?"

"Mimi, Bibi."

"Ingia."

Neno hilo lilimchoma Elieza kuliko makaa. Alisogea kando mkewe apite, akajifanya anapangusa chupa ya kusukumia ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Lydia alinawa, akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akachora mstari mmoja pembezoni mwa nyota. Mstari ukaenda ukarudi ukakutana na mwanzo wake. Bibi akapiga makofi kama mtoto. Siku zilizofuata Lydia alipika rangi zake mwenyewe: wekundu kwa maua ya choya, umanjano kwa manjano ya dukani kwa Mhindi, weusi kwa kahawa iliyochemka mpaka ikawa uji. Nyota akazipamba kama shanga. Ng'ombe akawavika ngozi za ng'ombe kweli, wa madoa, wa mistari, mwenye tumbo jeupe na mwenye miguu myeusi. Wageni wa Bibi wakawa wanaletwa jikoni kutazama. Walimpita Elieza na tanuri lake wakaenda kuinama mbele ya meza ya Lydia, na mmoja alimpa Elieza kofia yake amshikie.

Je, nani aliukanda ule unga? Nani alijua dakika ya kuutoa motoni? Elieza alijiuliza hayo akikoroga supu, na kijiba cha roho kikamkaa. Akiwa nyumbani alinuna. Lydia akimwuliza kulikoni, anajibu amechoka. Siku moja aliwakuta Bibi na Lydia barazani wananong'ona na kucheka, Bibi akihesabu watu kwa vidole. Walipomwona wakanyamaza. Angeuliza tu, angeambiwa. Lakini Elieza na kumwuliza mkewe habari za jikoni kwake? Afadhali alale njaa.

Mkesha wa Krismasi biskuti zote za wageni zilifungwa kwenye makopo zikapelekwa boma na stesheni. Jikoni ilibaki sahani moja chini ya kitambaa. Lydia alikuwa ameenda uani kumsaidia Mwanahawa kuanua nguo, na Elieza akafunua kitambaa, eti anafukuza nzi.

Kulikuwa na nyundo iliyochongwa kwa kisu, kulikuwa na moyo, kulikuwa na nyota. Na kulikuwa na ng'ombe mmoja wa kijivu, madoadoa, mwenye sikio lililokatwa pengo kwenye ncha, pengo la pembe mbili kama mkia wa mbayuwayu.

Mtu wa pwani angeona biskuti iliyomegeka. Elieza alikuwa Mgogo. Ng'ombe wote waliokwenda boma walikuwa na masikio mazima, ng'ombe wasio na mwenyewe. Huyu alikuwa na mwenyewe. Lile pengo lilikuwa alama ya ukoo wa Seth, na ile rangi ilikuwa ya zizi la Seth la Ihumwa, na Seth ndiye aliyemposa Lydia kabla yake.

Hiyo habari ilikuwa imelala, sasa ikaamka yote. Ng'ombe wa Seth walikuwa wamekwisha ingia zizini kwa baba yake Lydia, wazuri, wanene, mchana kweupe. Ndipo Elieza akatokea, kijana wa misheni mwenye kanzu safi na ng'ombe wachache, na Lydia akasema anamtaka huyu. Baba mtu akagomba wee, mwisho akawarudisha ng'ombe wa Seth njia ileile waliyojia. Seth hakufanya ugomvi. Hakuoa mapema pia. Na sasa, kwa vile alikuwa na maziwa mengi, ndiye aliyeleta maziwa ya Bibi kila asubuhi, akiweka kibuyu mlangoni na kuamkia kwa sauti ile ya kutulia ambayo Elieza hakuwahi kuipenda.

"Kumbe," Elieza alijisemea. "Kumbe hakumsahau." Miaka yote hii, hata mtoto wao Hana sasa anakimbia, mwanamke amewatunza moyoni ng'ombe wa mtu mwingine, doa kwa doa! Amemchora mzuri namna hii, tena amemficha chini ya kitambaa! Na wa Elieza yuko wapi? Hayupo. Katika sahani nzima hakuna hata kwato ya ng'ombe wa Elieza.

Alitaka kumla. Akaona kumla ni kumpa heshima. Alitaka kumvunja, lakini mkono ukasita, maana alikuwa mzuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwoka. Ndipo akachukua kisu kidogo cha kumenyea.

Alama ya ukoo wa Elieza ilikuwa ncha ya sikio kukatwa moja kwa moja, basi. Alama rahisi, nayo ilikuwa na maneno yake. Watani walipenda kusema kwamba babu yake Elieza aliichagua kwa akili, kwa sababu ukikata ncha ya sikio, alama yoyote ya mtu mwingine iliyokuwapo inaondoka nayo. Lilikuwa neno la kucheka kwenye pombe, na Elieza alikuwa akicheka na wenzake huku roho ikimwuma. Siku hiyo hakulikumbuka. Alikiegemeza kisu, akakwangua polepole, chembe kwa chembe, mpaka lile pengo likaisha na sikio likawa bapa. Akapuliza unga. Akafunika. Moyo ukatulia kama wa mtu aliyelipiza.

Asubuhi ya sikukuu alimkuta Lydia amesimama mbele ya sahani, kitambaa mkononi. Hakugeuka.

"Baba Hana, nani ameiba huyu ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Usinifanye mtoto. Sikio la ng'ombe wenu huachwa refu likakatwa ncha tu. Hili limebaki kishina. Kila mtu anajua kishina maana yake nini. Nani amefuta alama ya mwenzake?"

Elieza alifungua kinywa, na kikatoka alichokuwa amekimeza siku zote hizo. "Na wewe unachora ng'ombe wa Seth kwa nini? Humu jikoni mwangu! Kama unamtaka, zizi lake liko Ihumwa, reli inafika."

Lydia akaanza kucheka, cheko lisilo na furaha hata kidogo.

"Bibi ameagiza kila anayeitumikia nyumba hii apate biskuti ya kwake. Nyundo ya Abbasi. Moyo wa Mwanahawa. Nyota ya mlinzi. Mleta maziwa nimpe nini, kiatu? Nikamchorea ng'ombe wake na alama yake, ajue ni wake. Bibi alisema tukufiche wewe, ushangae na wengine."

"Na wangu?" Sauti ya Elieza ilikuwa imepungua.

Lydia aliinua bakuli lililopinduliwa pembeni mwa tanuri, mahali ambapo Elieza alipita mara mia bila kuuliza. Chini yake alikuwamo ng'ombe mwekundu, mwekundu wa choya iliyokolea, paji jeupe, mguu mmoja wa mbele mweupe. Elieza alimjua kabla hajamaliza kumwona. Ndiye yule jike aliyemswaga mwenyewe kwa miguu kutoka Mvumi mpaka kwa baba yake Lydia, akilala naye porini kwa kuogopa fisi. Lydia alikuwa amemweka hadi lile kovu la bega. Sikio lake lilikuwa zima.

"Sikio nilikuachia," alisema Lydia. "Alama ya ukoo huikata mwenyewe. Nilitaka uikate leo, mbele ya Bibi na wote, waone ni wa nani."

Elieza alinyoosha mkono amchukue, na Lydia akamvuta yule mwekundu upande wake.

"Sukari imekwisha. Unga umekwisha. Seth yuko njiani na maziwa, na Bibi atamwita. Nimpe ng'ombe wa kishina? Nimwambie mbele ya watu kwamba ameibiwa, na mwizi ni mume wangu?"

"Usimpe chochote."

"Na Bibi nimwambie nini?"

Lydia alichukua kisu kilekile cha kumenyea. Kwenye ncha ya sikio la yule ng'ombe mwekundu alikata pengo la pembe mbili, safi. Elieza alitazama mpaka mwisho. Angeweza kumshika mkono, akaona hana mdomo wa kusemea.

Walikusanyika barazani, Bibi amevaa nguo nyeupe, na kila mmoja akapewa chake. Abbasi aliinua nyundo yake akagonga hewa, watu wakacheka. Seth aliweka kibuyu chini, akaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akapokea ng'ombe kwa mikono miwili. Akalitazama sikio, akatabasamu. Kisha mchunga ng'ombe aliyemo ndani yake akatazama ng'ombe mwenyewe, na tabasamu likasimama.

"Alama ni yangu," alisema taratibu. "Lakini ng'ombe huyu namjua. Siku nilipokwenda kuwachukua wangu, huyu alikuwa anaingia. Paji jeupe, mguu mweupe, kovu. Huyu si wako, Elieza? Amefikaje kwenye alama yangu?"

Watu wote barazani wakamgeukia Elieza. Lydia alitazama chini. Elieza aliona wazi njia mbili tu, aseme yeye au asemewe.

"Wako huyo," alisema. "Tumekupa."

"Umenipa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Seth alimtazama sana, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa ng'ombe wa kweli. Hakumla. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga humo taratibu, akamweka kifuani.

Elieza naye akaletewa sahani. "Na huyu wako, baba Hana," alisema Lydia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Alama umeikata mwenyewe." Elieza akamla ng'ombe wa kijivu akianzia sikioni, ili lisionwe na mwingine. Alikuwa mtamu.

Nyumbani Lydia hakununa. Alipika, akamwogesha Hana, akaongea na mumewe kama siku zote, na jikoni kwa Bibi akarudi kutua kuni nje ya mlango, ingawa Elieza alimwambia aingie. Alimwambia tena kesho yake, na kesho kutwa. Lydia alijibu asante, anawahi maji.

Na Seth aliendelea kuleta maziwa. Mwezi ukapita. Elieza alijikaza, akajikaza, mwisho asubuhi moja akashindwa.

"Yule ng'ombe, umeshamla?"

Seth alikuwa anamimina maziwa, na hakumwaga hata tone.

"Nimemweka juu ya dari, moshi unamkausha vizuri. Nani anachinja ng'ombe mzuri namna ile?" alisema. Akachukua kibuyu chake, akaaga, akashika njia ya Ihumwa.