Daftari la Neno Moja

Mwalimu Harerimana alikuwa na mwandiko mzuri, na huo ndio uliomponza. Mtu mwenye mwandiko mzuri anaweza kudanganya watu muda mrefu sana, maana chochote anachoandika ubaoni kinaonekana kama anakijua.

Kiingereza hakukijua. Ualimu alisomea Kongo, akafundisha hesabu kwa Kifaransa, na lugha ya shule ilipobadilishwa kuwa Kiingereza alikuwa tayari na mvi. Akahangaika nacho miaka michache, akastaafu. Lakini alipoona akina mama wanaovuka mpaka kila siku kwenda kuuza Goma wanatafuta Kiingereza cha kuongea na wageni wa huku ziwani, aliomba chumba kimoja katika shule ya msingi, Jumapili baada ya misa, akafungua masomo. Na somo lenyewe lilikuwa neno moja tu: get.

"Kamateni hii moja," aliwaambia, "zingine zitakuja zenyewe. Get ni kupata, ni kufika, ni kuelewa, ni kuzeeka, ni kushuka kwa bisi, ni kupona. Wazungu wanafanya nayo kila kitu."

Akina mama walicheka, wakaandika. Kila Jumapili mistari thelathini ubaoni, kila mstari na get yake. Yeye anasoma, wao wanarudia kwa sauti moja, mpaka wapita njia wanageuza shingo. Sifa zikatoka mtaani zikafika hadi Rugerero. Wakimuuliza haya yote anayatoa wapi, aligusa paji la uso kwa kidole na kutabasamu.

Mwongo mkubwa. Yalikuwa yanatoka kwa Resty.

Resty ni mama mmoja aliyerudi kutoka Uganda, aliyekuwa akilea watoto wa wafanyabiashara karibu na mpaka mdogo, ule wa waendao kwa miguu, wakati mama zao wako ng'ambo. Jumapili alikaa nao nje ya darasa hilohilo, chini ya dirisha. Na kila Alhamisi, asubuhi na mapema, Mwalimu alijipenyeza kwake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, akafundishwa mistari ya wiki mmoja mmoja mpaka aielewe. Yote ilikuwa kwenye daftari la Resty. Mwalimu alimwomba sentensi za kweli, si za kubuni, eti za kweli ndizo zinazokaa kichwani. Resty hakumdai kitu. Alisema tu Kiingereza chake kilikuwa kimekaa bure, na anafurahi kimepata kazi.

Na mbele za watu je? Mbele za watu Mwalimu alimsalimia kwa kichwa, akapita. Siku moja Niyigena, muuza nyanya ambaye mtoto wake analelewa na Resty, aliuliza kwa nini Resty naye asiingie kusoma. Mwalimu akajibu, "Bon, huyu Kiingereza chake ni cha sokoni." Dirisha lilikuwa wazi. Alhamisi iliyofuata Resty alimfundisha kama kawaida, na Mwalimu alipokunywa chai yake hakuweza kumtazama usoni. Lakini chai aliimaliza.

Basi ikatokea hoteli moja ya ziwani ikataka mwalimu wa kuwafundisha wahudumu wake. Wakamtuma msichana wao wa mapokezi, Mutesi, aliyekulia Kampala, aje Jumapili aone darasa. Wiki hiyo Mwalimu hakulala vizuri kwa furaha. Alhamisi alikuta Resty amezongwa na watoto tisa, wawili wana homa. Resty akampa daftari, akamwambia, "Mwalimu, leo sina nafasi. Soma kwanza nyumbani, peke yako. Usiandike ubaoni kabla hujasoma." Akamwambia mara mbili. Mwalimu akasema ndiyo, ndiyo, akaenda kunyoosha suti.

Hakusoma. Mimi hapo sina la kumtetea.

Jumapili alichukua chaki, akanakili daftari kuanzia juu mpaka chini, herufi zimelala vizuri kama zimepigwa pasi. Mutesi alikaa benchi la nyuma, kalamu mkononi. Mwalimu akasoma, darasa likarudia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Walipofika ishirini na tano, kalamu ya Mutesi ilisimama. Mwalimu alidhani ameshangazwa na matamshi, akaongeza sauti, na akina mama nao wakaongeza. Kwa pembe ya jicho aliona Resty amesimama dirishani, mtoto wa Niyigena mgongoni, mkono ameuweka mdomoni.

Mstari wa thelathini na moja, maana wiki hiyo ulizidi mmoja, ulipokwisha, Mutesi aliinua mkono kwa adabu.

"Mwalimu, samahani. Ni nani huyu alipata kazi Mbarara, akakamatwa na mashuka ya tajiri yake, akapata miezi munane ya gereza? Na hapa chini anakuomba, Mwalimu tafadhali, haya yasitoke inje."

Akina mama walikuwa wametoka kuyasema wenyewe, kwa sauti zote, mara mbili mbili, wanawake walewale wanaomwachia Resty watoto wao kila siku.

Aibu ilimpanda Mwalimu kutoka miguuni. Akaona yote kwa mara moja: angesema daftari si lake, wangeuliza la nani, na kabla hajajibu wangegeuka dirishani. Na kesho yake nani angemwachia mtoto?

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Siku zote nawaambia haya yanatoka hapa." Akagusa paji la uso kwa kidole. "Donc, na haya yanatoka hapa. Nilifungwaka. Huo wa mwisho nilijiandikia mwenyewe."

Wakaamini. Uongo wa zamani uliubeba mpya. Mutesi alifunga kitabu chake, akasema watampigia simu. Hawakumpigia. Niyigena alivuta mkoba wake karibu na mguu, polepole, na Mwalimu aliuona mkono ule.

Alhamisi alikwenda kwa Resty. Moyoni, pamoja na aibu, alikuwa na kitu kidogo cha kujivunia, na nadhani alitegemea kushukuriwa. Resty alikuwa akimlisha mtoto uji. Hakumkaribisha kiti.

"Ulisoma?"

"Sikusoma, mama. Nisamehe."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Lakini nimekukinga. Nimesema ni mimi. Sasa mtaani wananiita mwizi."

Resty alimpangusa mtoto mdomo kwanza.

"Mwalimu, ulichukua daftari yangu, nikanyamaza. Ukasema Kiingereza yangu ni ya soko, nikanyamaza. Sasa umechukua hata kifungo yangu. Ile miezi munane nililala chini mi. We ulikuwa wapi?"

Mwalimu alivua kofia, akaishika mkononi.

"Utasema daftari iko ya nani," Resty alisema. "Hiyo tu ndiyo yako ya kusema. Ya gereza ni yangu."

"Watajua."

"Najua watajua."

Jumapili walikuja sita tu kati ya arobaini. Mwalimu alisimama mbele yao bila chaki, akawaambia daftari ni la Resty, tangu mstari wa kwanza, tangu siku ya kwanza, na kwamba yeye kila Alhamisi alikuwa mwanafunzi wake na akaona haya kusema. Hakuongeza neno. Vichwa sita viligeukia dirisha kwa pamoja. Hesabu ile haikuwa ngumu.

Resty aliingia, mtoto mgongoni. Niyigena alinyoosha mikono ampokee mwanawe, kisha mikono ikasita, akairudisha mapajani, akamwacha mtoto mgongoni kwa Resty.

Resty alichukua chaki. Akaandika mstari mmoja, ule wa miezi minane, kwa mwandiko wake mbaya unaopanda juu. Halafu akawageukia, akangoja.

Mwalimu alikwenda kuketi benchi la mbele, kati ya wanawake, magoti yamemgusa kidevu. Akaanza kusoma yeye wa kwanza, kwa sauti ndogo, na safari hii alielewa kila neno.