Kilo Sitini na Mbili

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, saa mbili asubuhi, Tuyizere alinawa miguu kwa sabuni ya mche, akaingia kwenye mtumbwi wa pombe uani kwa Rogasian, huko Nyakakika. Mtumbwi huo ni gogo lililochongwa, refu kupita vitanda viwili. Ndani yake mlikuwa na ndizi mbivu zilizotolewa shimoni zilimovundikwa, zimemenywa na kuchanganywa na nyasi. Kuzikanyaga hadi zitoe juisi ni kazi ya wanaume wanne na asubuhi nzima. Tuyizere aliifanya peke yake, akamaliza kabla chai haijachemka.

"Baba Uwitonze, punguza mguu," alisema Melkiory, kibarua mwenzake, aliyekuwa akichuja. "Utatoboa mtumbwi, watu wanywe udongo."

Tuyizere aliendelea kukanyaga. Siku hiyo alikuwa na kilo mia moja themanini na tatu.

Kwa macho alikuwa mtu mwembamba, mashavu yamebonyea, suruali kaikaza kwa kamba. Uzito haukuwa wa nyama. Ulimjia kila mwaka masika yakiisha, bila homa wala kikohozi, na ulikaa miezi mitatu. Katika miezi hiyo alilala kuanzia jua linapozama hadi saa nne asubuhi, na aliamka amechoka kuliko alivyolala. Ijumaa tu hakuachwa alale, kwa sababu ni siku ya kukamua, na Rogasian alituma watu wanne wamwinue kitandani. Njia ya kutoka kwake hadi kwa Rogasian ilikuwa na nyayo zenye kina cha kiganja. Mvua ikinyesha, kuku walikunywa humo.

Alilipwa kibarua cha mtu mmoja, kwa sababu alikuwa mtu mmoja.

Kuanzia Septemba uzito ulimtoka, na Oktoba visigino vyake havikugusa chini. Wakati huo hakulala. Aliwahi kukaa siku tisa bila kufumba macho. Aliongea tangu alfajiri, akaahidi kila mtu pikipiki, akaeleza jinsi atakavyovuta maji ya mto Kagera hadi Nyakakika kwa bomba la mianzi. Mkewe, Nyirabageni, alimfunga kamba ya katani kiunoni, na upande wa pili akaufunga kwenye mti. Rogasian aliikopa kamba hiyo pamoja na mtu wake. Tuyizere alipigilia bati bila ngazi, alipogoa migrevilea, alichuma parachichi za kileleni ambazo zamani ziliachiwa ndege. Aliokuwa akiwaeleza habari za bomba walimwitikia "ndiyo, ndiyo" na kumpa misumari zaidi.

Kati ya uzito na wepesi kulikuwa na siku mbili kwa mwaka. Moja alipokuwa akipanda, nyingine alipokuwa akishuka. Siku hizo alipita kwenye kilo sitini na mbili, uzito wake mwenyewe. Alinyoa ndevu, akatengeneza bawaba ya mlango, akamuuliza mkewe mwaka umekwendaje. Kesho yake alikuwa amekwisha kupita.

Nyirabageni aliijua namba hiyo kabla ya ndoa. Walikutana chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, yeye akipepeta, Tuyizere akibeba magunia. Cleophace, karani wa mizani, alimpandisha kijana huyo juu ya mizani kwa utani, akatangaza sitini na mbili kwa sauti kama anatangaza mnada. Nyirabageni aliolewa na kilo hizo. Sasa alizipata siku mbili kwa mwaka, na aliona hata hizo ziko hatarini. Mwaka juzi kamba ilikatika. Upepo ulimchukua mumewe siku mbili, akakutwa upande wa Kyerwa amenasa kwenye mkaratusi, midomo imepasuka, bado anaongea. Na Juni hii alizama hadi magotini katika shamba la maharage. Nyirabageni alipokwenda na jembe kumchimbua, alimkuta ametulia.

"Niache, Mama Uwitonze," alisema. "Imebaki kidogo tu."

Jumatatu iliyofuata mama huyo alimpeleka zahanati. Kila baada ya miezi mitatu ilifika gari ya huduma ya mkoba, na ndani yake alikuwamo muuguzi wa afya ya akili, Prudensia, mwenyeji wa Muleba, mwanamke wa maneno machache na miwani yenye kamba.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Mimi ni nesi. Anaumwa nini?"

"Anazama."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa saba. Akimaliza kuzama, anapaa."

Prudensia aliandika. "Akipaa analala?"

"Halali."

"Anaongea sana?"

"Hata ndege wanamhama."

"Na akizama?"

"Analala mno, na usingizi wenyewe haumsaidii. Chakula hataki. Mimi hanitaki. Mwenyewe hajitaki."

Prudensia aliweka kalamu chini, akawaeleza. Alisema huo ni ugonjwa unaojulikana. Kuzama ni sonona, na kupaa ni upande wa pili wa ugonjwa uleule. Si uvivu, si tabia yake, na hakuna aliyemloga. Usingizi huharibika kwanza, ndiyo dalili ya kuangalia. Dawa ipo, inamezwa kila siku, mgonjwa akiwa vizuri na akiwa vibaya, na haiachwi.

"Wa kupaa nimewahi kuwapata," alisema. "Kuna mwalimu Ihembe. Siku hizi anafundisha amesimama sakafuni."

Mizani ya zahanati ilipasuka Tuyizere alipoikanyaga, kwa hiyo walikwenda naye chama cha msingi. Cleophace alisukuma chuma cha mizani hadi mwisho.

"Mia na themanini na tatu," alisema. "Nitoe uzito wa gunia?"

"Hana gunia," alisema Prudensia.

Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili vya uzito, kimoja cha makumi na kimoja cha mamoja. Aliitazama kidogo, akaandika themanini na tatu. Uzito wa kawaida wa mgonjwa alimuuliza mke, akaandika sitini na mbili.

Ukurasa wa pili ulidai msimamizi wa dawa. Ilitakiwa awe mtu anayejua kusoma, mwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo. Nyirabageni alisema anajua kusoma. Prudensia alimuuliza kama ana kabati. Nyirabageni alisema ana ndoo yenye mfuniko.

"Ndoo haimo kwenye fomu," alisema Prudensia. "Mwajiri wake ana kabati?"

Rogasian alikuwa nalo, la mninga, kutoka Bukoba. Aliitwa, akaja amevaa koti, akasaini mahali palipohitajika. Alisema Tuyizere ni kama mwanawe. Alipewa vidonge vya miezi mitatu ndani ya boksi, akavifungia pamoja na hati ya shamba na kitenge cha marehemu mama yake.

Kwa wiki tatu Tuyizere alikwenda kwa Rogasian kila asubuhi, akapewa kidonge na kikombe cha maji. Wiki ya kwanza alishuka hadi mia na hamsini. Wiki ya pili aliamka mwenyewe saa kumi na mbili, akala ndizi na maharage, akaomba aongezwe. Wiki ya tatu alikuwa na kilo tisini na moja na alicheka, jambo lililomshtua mbuzi. Jioni moja alikaa kwenye kigoda ambacho alikuwa hajakikalia tangu Mei, na kigoda hakikuvunjika. Nyirabageni alipiga hesabu kwa vidole, akaona sitini na mbili inafika kabla ya Agosti, na safari hii inafika kukaa.

Ijumaa ya wiki hiyo ndizi zilikamuliwa hadi saa nane mchana, na bado nusu ilibaki.

Rogasian alikuwa na jambo mwezi wa Agosti. Binti yake, Noela, alikuwa anaolewa Ihembe, na ukoo wa bwana harusi ulikuwa ukoo wa watu wanaokunywa. Jumamosi Tuyizere alipokuja kumeza, alikuta kabati limefungwa na Rogasian amekwenda Kayanga. Jumapili ni siku ya Bwana. Jumatatu ufunguo haukuonekana. Baada ya siku kumi nyayo njiani zilikuwa zimerudi kuwa na kina cha kiganja, na Nyirabageni akaenda mwenyewe.

"Shikamoo tajiri."

"Marahaba, Mama Uwitonze. Karibu ukae."

"Sikai. Nimefuata dawa."

"Dawa zipo. Sijazila mimi."

"Ni za kumezwa, tajiri. Daktari alisema kila siku."

"Alisema ni za kumrudisha katikati," alisema Rogasian bila ukali, maana hakuwa mtu mkali. "Sasa wewe niambie. Katikati ana kazi gani? Akiwa mzito ni watu wanne. Akiwa mwepesi ni ngazi na winchi. Akiwa sitini na mbili ni Melkiory. Na Melkiory ninao sita."

Melkiory alikuwa pale akichambua mtama. "Mimi ni sabini, tajiri," alisema. "Nikishiba."

"Ataisha ardhini," alisema Nyirabageni. "Ameniambia mwenyewe."

"Harusi ipite. Nitampa vyote kwa pamoja."

Nyirabageni alikwenda kwa Egbert, mwenyekiti wa kitongoji. Egbert alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akiwa amekaa chini ya bati ambazo Tuyizere alizipigilia Novemba. Alisema Mungu humpa kila mtu kipaji chake, wengine huimba kwaya. Alisema pia suala la dawa liko kwa msimamizi wa dawa, na msimamizi anajulikana, amesaini. Alimpa Nyirabageni mkungu wa ndizi aondoke nao.

Harusi ilifana. Pombe ilitosha watu wa pande zote mbili na ikabaki. Watu wa Ihembe waliuliza nani mkamuaji, wakaoneshwa Tuyizere akiwa amelala nyuma ya banda, udongo umemfikia mbavuni. Walimsifu. Walipoondoka, Nyirabageni na Melkiory walimchimbua kwa majembe mawili. Waliifanya kazi hiyo kwa kupokezana, na ikawachukua hadi saa kumi jioni.

Mwisho wa Septemba gari ya huduma ya mkoba ilirudi. Ilifika siku ya Jumanne, na Jumanne hiyo Tuyizere alikuwa ameamka saa kumi na mbili, amenyoa ndevu, na alikuwa akipaka mafuta bawaba ya mlango. Nyirabageni alimtazama akitembea uani. Vumbi lilishika nyayo zake kawaida, kama za mtu. Ndipo aliposikia wito wa zahanati, akaketi chini.

"Kuna nini?" aliuliza Tuyizere.

"Leo ndiyo siku yako," alisema. "Wangekuja jana."

Pale chama cha msingi, Cleophace alisukuma chuma kidogo tu.

"Sitini na mbili kamili."

Prudensia alilinganisha na fomu. Mgonjwa alikuwa na themanini na tatu, uzito wa kawaida sitini na mbili, uzito wa leo sitini na mbili. Alimuuliza Tuyizere amelala saa ngapi, na Tuyizere akasema saa nane. Alimuuliza kama ana mawazo ya kufa. Tuyizere alifikiri kwa uaminifu, akasema leo hana.

"Daktari," alisema Nyirabageni, "leo anapita tu. Alikuwa ardhini, anakwenda juu. Dawa hajameza tangu Julai. Njoo kesho kutwa umwone."

Prudensia alimgeukia Rogasian, aliyekuwa amekuja na boksi chini ya kwapa. "Msimamizi, dawa zimetumika?"

"Zimetunzwa vizuri sana," alisema Rogasian. Alifungua boksi kidogo, na vidonge vilionekana vimepangwa, vikavu, hakuna hata kimoja kilicholiwa na panya.

"Basi kapona na dawa zimebaki," alisema Prudensia. "Si kila mahali wanabakiza." Alivua miwani, akaipangusa, na kwa muda akamtazama Nyirabageni bila miwani. "Mama, ninakusikia. Lakini mizani imesema, na mtu huyu amenijibu vizuri kuliko wewe. Kesho kutwa napita tu hapa kwenda Bweranyange. Sisimami. Akibadilika, mlete Desemba, tutaanza fomu upya."

"Desemba atakuwa juu."

"Basi mlete na kamba."

Alipiga mstari kwenye jina la Tuyizere, akaandika pembeni: amepona. Boksi alilichukua, kwa sababu dawa iliyobaki hurudishwa. Rogasian alisaini pia pale.

Siku iliyobaki waliitumia vizuri. Tuyizere alipanda mistari mitatu ya maharage na kumsimulia mkewe kuhusu babu yake aliyeogopa bata. Walikula mapema, wakalala.

Jumatano alitembea kwa ncha za vidole. Alhamisi alfajiri Nyirabageni aliamka peke yake kitandani, akaangalia juu, akamwona mumewe amelala kwenye boriti, macho wazi, akipanga bomba la mianzi. Saa moja Melkiory alikuja na ujumbe. Bati la kanisa la kigango lilikuwa limefunuka upande mmoja, na Rogasian alikuwa amejitolea kutoa mtu.

Nyirabageni alitoa kamba ya katani ndani ya ndoo yenye mfuniko. Aliikagua urefu wote kwa vidole, akaikata sehemu iliyochakaa, akaunga. Alifunga kiunoni mwa mumewe, akatoka naye nje, akamwachia polepole hadi akawa juu ya migomba, kisha juu ya mgrevilea.

Barabarani kulikuwa na mlio wa gari.

"Ni ile nyeupe ya daktari," Tuyizere alisema kutoka juu. Sauti yake ilikuwa na furaha, kwa sababu sasa alifurahia kila kitu. "Imefika darajani."

Nyirabageni alikaza fundo. "Inakuja huku?"

"Inakwenda," alisema Tuyizere. "Inakwenda vizuri kabisa."