Uyoga wa Tabea

Saa moja kasorobo asubuhi, Tabea alikuwa kwenye foleni ya zahanati ya shamba la maua, Usa River, uyoga umemwota puani: vishina viwili kushoto, kimoja kulia. Aliufunika kwa kanga kwa sababu ya vumbi la barabarani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Ile dawa ya pua bado unapuliza?"

"Mwezi wa tano sasa."

"Basi ndiyo hiyo. Inapunguza kinga, kuvu inapata nafasi. Hutokea kwa nadra sana."

Daktari Reginald alikuwa amewaambia hivyo hivyo Joyce na Lerionka, nao walifanya kazi banda namba nne kama Tabea. Humo waridi zilipuliziwa sumu ya wadudu watu wakiwa ndani wanakata. Tangu serikali iliuze shamba, hakuna aliyepewa hata kitambaa cha kufunika uso.

"Naomba cheti nihamishiwe kufungasha. Nikitoka kwenye ile sumu, hii dawa sitaihitaji."

"Cheti ni cha mgonjwa, mama. Huo uyoga wako una afya kabisa."

Akampa chupa nyingine. Hiyo ilikuwa mara ya sita, na Tabea alitamani kumrushia.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Wenzake walipeleka kanisani ndizi na kuku. Yeye banda halikumwachia muda wa kulima, akapeleka alichovuna. Baada ya ibada Mzee Ndesanjo akaunadi uyoga uwanjani, akitaja na pua ulikotoka ili watu wajue ni wa asubuhi ile. Meneja Arnold akaununua wote. Mkewe akaukaanga kwa kitunguu, akasema hauna mchanga.

Jumatatu meneja akamwita. Tabea alikwenda mbio, na alipoiona barua mezani akafurahi, akidhani ni ya uhamisho. Barua ilisema asihamishwe banda namba nne kwa sababu yoyote, maana huko ndiko uyoga unakostawi, na dawa ya pua apuliziwe mara mbili zaidi.

Alhamisi vitambaa vya uso vikaletwa, vyeupe, vizuri. Vilikuwa vya kukinga uyoga usiingiwe na sumu. Chini vilikatwa tundu pana, mdomo ubaki wazi, watu wapumue.

Tabea akavaa chake, akaingia kukata waridi.